Mkono wa Kurusha

Hapa kijijini Ziba, mpunga ukikaribia kuiva, kijana husimama kando ya jaruba na bonge la udongo mkavu mkononi. Anapinda kiwiko, anaachia, kweleakwelea wanaruka kundi zima. Mwambie mkono huo ni ajira, atakucheka.

Lakini mwaka 2022 Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walisajiliwa na timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers ya Marekani. Kazi yao? Kurusha. Mrushaji wa besiboli humlenga mwenzake aliyechuchumaa mita 18 hivi mbele yake, na katikati kuna mtu mwenye gongo. Ndege, angalau, hashiki gongo.

Na hata hapa nchini, Dar es Salaam, Sekondari ya Azania ina uwanja wa besiboli.

Kweleakwelea wamerudi. Kijana anainama, anaokota bonge lingine.