Maji ya Kupozea Mashine: Dhima ni ya Nani?

Kila nyumba ya zamani katika miji yetu ya pwani ilikuwa na mtungi wa maji. Udongo wake hutoa jasho, jasho hukaushwa na upepo, na maji yaliyobaki ndani yakawa baridi. Hekima hiyo hiyo hutumika leo katika majumba makubwa yaitwayo vituo vya data, ambamo maelfu ya kompyuta hufanya kazi usiku na mchana, zikihifadhi hesabu za mabenki, khabari za wagonjwa na barua za watu. Lakini mtungi hupoteza maji kiasi cha kikombe, na jumba kama hilo laweza kumaliza maji ya mtaa mzima. Basi twauliza: fundi aliyeamrishwa kuweka mashine za baridi, akaziweka kwa ustadi, je, ana dhima yoyote juu ya maji hayo?

Yapasa kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Umeme uingiao katika kompyuta takriban wote hugeuka joto, na joto hilo halina budi kutolewa nje. Njia mashuhuri ni mbili. Ya kwanza ni kulipeleka kwenye mnara, ambako maji humwagwa mbele ya feni, na sehemu yake ikageuka mvuke ikenda zake na joto. Ya pili ni kulipitisha katika mabomba makavu yapulizwayo na upepo, na kuziachia kompresa kazi kubwa zaidi. Ya kwanza hula maji ikapunguza umeme. Ya pili huokoa maji ikazidisha umeme. Hapana iliyo ya bure.

Wala hatusemi kuwa baridi hiyo ni anasa. Tarehe 19 Julai 2022, joto lilipovuka digrii 40 huko Uingereza, mashine za hospitali za Guy's na St Thomas' mjini London zilishindwa, na madaktari wakakosa khabari za wagonjwa wao. Mwenye kudharau upoaji wa mashine na alikumbuke hilo.

Walakini tazama upande wa pili. Katika mji mdogo wa The Dalles, jimbo la Oregon, Marekani, vituo vya data vya Google vilitumia mwaka 2021 galani milioni 355 za maji, yaani zaidi ya lita bilioni 1.3, nayo ni zaidi ya robo ya maji yote ya mji. Gazeti la The Oregonian lilipotaka kujua hesabu hiyo, mji wenyewe ulikwenda mahakamani kuizuia, kwa hoja kuwa ni siri ya biashara. Hesabu haikutolewa ila mwisho wa mwaka 2022. Wanywao maji walikuwa hawajui ni kiasi gani kinachowatoka.

Wako wasemao kuwa fundi ni mkono tu, na dhima ni ya aliyeamrisha. Sisi twaona neno hilo halisimami. Mwenye nyumba akimwamrisha mwashi achimbe shimo la choo kando ya kisima cha jirani, na mwashi ajua uchafu utapita, jirani hajui, je, amri ya mwenye nyumba itamsafisha mwashi? Hasha. Ujuzi wake ndio uliomtia katika dhima. Kadhalika mtengenezaji wa mashine za baridi: yeye ndiye ajuaye kabla ya msingi kuchimbwa ni lita ngapi zitakwisha kila mwaka.

Lakini si insafu kumtwika yote. Fundi hakuwekwa kuwa kadhi wa mji. Dhima yake, kwa rai yetu, ni mambo matatu. Kwanza, atoe hesabu ya maji na ya umeme pamoja, asionyeshe moja akaficha ya pili. Pili, asipoze kupita haja: chama cha wahandisi cha ASHRAE chapendekeza hewa iingiayo katika kompyuta iwe baina ya digrii 18 na 27, basi kupoza chini ya hapo mara nyingi ni israfu. Tatu, atafute maji yasiyonyweka. Huko Hamina, Finland, kiwanda cha zamani cha karatasi kiligeuzwa kituo cha data, na hupozwa kwa maji ya bahari yaliyoletwa na handaki la kiwanda kile. Nayo hupunguzwa joto kabla ya kurudishwa baharini. Akisha kuyatimiza hayo, kuchagua ni kwa mwenye mali, na kutoa idhini ni kwa mji. Na kila mmoja ana dhima yake kamili.

Jambo hili si la ng'ambo peke yake. Nyaya za baharini ziliwasili Mombasa mwaka 2009, na vituo vya data vimefuata. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na mnara, kama mtungi, hupoza kwa shida pale jasho lisipokauka upesi. Na mji huu sehemu ya maji yake hutoka chemchemi za Mzima, mbali zaidi ya kilomita 200, kwa bomba la tangu mwaka 1957. Na wangali wako wanunuao maji kwa madumu. Basi jumba jipya litakapoombewa idhini, wenye mji na waulize mapema: litapozwa kwa nini, kwa lita ngapi, na kutoka wapi? Fundi mwaminifu atakuwa na jawabu tayari.