Je, Utakatifu ni Kushika Sheria Tu?



Nyumbani kwenu mtakatifu ni nani: yule ashikaye sheria zote, au yule apendaye? Kabla hujajibu, sikiliza yaliyonipata mimi.

Ijumaa moja ya Kwaresima nilitoka kwenye Njia ya Msalaba nikamkuta mke wangu anakula nyama. Alikuwa amejifungua siku chache tu, hana nguvu, na jirani alimletea mchuzi wa mbuzi. Mimi katekista nikamkemea mbele ya watoto, nikakataa kusema naye hadi Jumapili. Siku hiyo nilipokea Komunyo bila wasiwasi, kwani sikuwa nimeonja nyama! Mke wangu alibaki kwenye benchi, akidhani ametenda dhambi. Nilipomsimulia Padre, aliniambia kwamba Kanisa haliwafungi wagonjwa na wadhaifu kwa sheria hiyo. Aliyekosa siku ile ni mimi.

Je, basi tutupe sheria? Hasha! Kanisa hutuagiza kuacha nyama tangu umri wa miaka 14, na kufunga chakula tangu miaka 18 hadi 59, ili tujifunze kuitawala tamaa. Mume anayesema, "Mungu aangalia moyo tu," huku mshahara unaishia baa, ametekwa na malimwengu. Lakini malimwengu huingia pia kwa mlango wa kanisa. Kujiona bora kuliko mwenzako ni kiburi kile kile cha dunia, ila kimeshika rozari. Katika Marko sura ya 7, Bwana Yesu aliwakemea watu waliosingizia sadaka ya Mungu ili wasiwasaidie wazazi wao. Sheria iliyowekwa kutufundisha upendo waliigeuza kuwa njia ya kuukwepa.

Hata watakatifu walihitaji kuelekezwa. Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, walifunga ndoa mwaka 1858. Mwanzoni waliishi kama kaka na dada, wakidhani hiyo ndiyo njia bora. Baada ya miezi kama kumi, padre aliwashauri waishi kama mume na mke. Walizaa watoto tisa, wakazika wanne wangali wadogo. Louis alikuwa fundi wa saa, Zélie mtengenezaji wa lesi. Hawakuacha Misa wala mfungo, lakini utakatifu wao ulikomaa katika kazi, malezi na kuvumiliana. Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu kwa pamoja mwaka 2015.

Ndugu msomaji, leo usiku, kabla ya sala, mwulize mwenzako: "Je, dini yangu inakupa raha, au inakulemea?" Akijibu, usijitetee. Msikilize mpaka amalize. Mimi nilipouliza, mke wangu alilia kwanza, ndipo akasema. Tangu siku hiyo, Ijumaa ya Kwaresima kwetu huanza kwa kuombana msamaha, ndipo tunaacha nyama.

Mungu azibariki ndoa zenu.