Pasi Mkononi mwa Kafili

Ndugu zangu wa hapa Mpemba, Tunduma, vijana wetu wanaulizia sana kazi za Uarabuni. Kabla hatujamkabidhi wakala binti yetu, tuyatazame yaliyowapata wenzetu.

Novemba 2017, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti yenye maelezo ya wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walinyang'anywa pasi za kusafiria. Wengine walifanyishwa kazi hadi saa 21 kwa siku.

Sheria nayo iliwabana. Katika mfumo wa kafala, ukaazi wa mgeni unamtegemea mwajiri, yaani kafili. Mtumishi akiondoka bila ridhaa ya kafili, anaweza kuhesabiwa mtoro hata kama ndiye aliyeonewa. Sheria ya kazi ya Oman ya wakati huo haikuwagusa watumishi wa ndani. Waraka wa 2006 ulikataza mwajiri kushikilia pasi, lakini haukutaja adhabu. Sisi mambo yakituharibikia Nakonde, ng'ambo ya mpaka, tunarudi Tunduma kwa miguu. Lakini Muscat, Oman, hutoki bila pasi.

Dalili zilionekana mapema. Mshahara ulitajwa kwa mdomo. Wapo waliotia saini mkataba mmoja hapa, wakafika kule wakapewa mwingine wenye malipo madogo. Ubalozi wetu ulikuwa na utaratibu wa kuhakiki mikataba, lakini wengi walipitishwa kando. Dhiki hufunga macho: hata mimi, nikiahidiwa mshahara mnono huku ada ya watoto inadaiwa, huenda nisiulize lolote.

  

Basi tuulize mapema. Tumdai wakala leseni yake, kisha tuithibitishe kwa Kamishna wa Kazi. Mkataba usomwe kwa lugha tunayoielewa na uhakikiwe na ubalozi. Nakala yake, pamoja na ya pasi, ibaki nyumbani. Wakala akikasirishwa na maswali hayo, tusimpe binti yetu.