Pilipili Usiyoila

Wazee wetu walituachia swali ambalo siku hizi twalitumia kama methali: Pilipili usiyoila yakuwashiani? Huulizwa mtu aingiaye katika shauri lisilomhusu, naye kwa desturi hunyamaza kwa haya. Lakini mimi nadhani swali hili halijapata jibu lake, maana ni kweli kwamba watu huwashwa na pilipili wasiyoila, tena huwashwa sana, wala hakuna mahali paonyeshapo jambo hili waziwazi kama kiwanja cha michezo. Watu kumi wakimbia na mpira, na maelfu wameketi. Wale kumi watoka jasho, na wale maelfu watoka matusi. Je, hasira ya huyu aliyeketi ni ya nani? Ni yake mwenyewe, au ameiazima? Na kama ameiazima, atakayeilipa ni nani?

Nataka tulitazame shauri hili kwa njia ya mpira wa kikapu, kwa kuwa mchezo huu twamjua aliyeuanzisha, na nia yake twaijua. Aliitwa James Naismith, mtu wa Kanada, aliyesomea elimu ya dini kabla hajawa mwalimu wa mazoezi ya mwili katika chuo cha chama cha vijana wa Kikristo mjini Springfield, Marekani. Mwezi wa Desemba 1891, wakati wa baridi, vijana wake walikuwa wamechoshwa na mazoezi ya ndani ya nyumba, wakawa wagumu kuongozwa. Mkubwa wake akamwagiza atafute mchezo mpya. Naismith akafikiri kwamba mpira upigwapo kwa nguvu kuelekea lango huumiza watu. Basi lango na liwe juu ya vichwa, mdomo wake uelekee mbinguni, ili mpira urushwe kwa upole. Akatundika vikapu viwili vya matunda, akaandika sheria 13. Mojawapo yakataza kumpiga mwenzako kikumbo, kumshika, kumsukuma, kumtega na kumpiga.

Lakini ona jinsi mambo ya wanadamu yalivyo. Mwaka 1939, mwaka uleule aliofariki, Naismith alisimulia katika redio kwamba mchezo wa kwanza kabisa uliishia katika mapigano. Kabla hajaweza kuwaachanisha vijana wale, mmoja alikuwa amezimia, wengine wamevimba macho, na mmoja bega lake limeteguka. Mchezo uliotungwa kwa ajili ya upole ulizaliwa na ngumi.

Hasira ya vijana wale mimi sioni shida kuielewa. Mwili umegongana na mwili, damu imechemka, pumzi zimewaisha, na mkono hutangulia akili. Kwa sababu hiyo mchezo ulipewa mwamuzi na filimbi. Mchezaji akikosa, mchezo husimamishwa. Akizidi, hutolewa nje mbele ya watu wote. Sasa zichukue sheria zile 13 uzisome moja moja. Zipo zinazowahusu wachezaji, zipo zinazowahusu waamuzi, wala hakuna hata moja inayomhusu mtazamaji. Mtazamaji hana filimbi. Nadhani fumbo letu lote limo katika neno hili.

Tarehe 18 Agosti 2011, mjini Beijing katika nchi ya China, timu ya chuo kikuu cha Georgetown cha Washington ilicheza na timu iitwayo Bayi. Georgetown ni chuo cha Wajesuiti kilichoanzishwa mwaka 1789. Bayi ilikuwa timu ya jeshi la China, na jina lake maana yake ni nane na moja, yaani tarehe mosi ya mwezi wa nane, siku ya kuadhimisha jeshi lile. Majira ya mashindano yalikuwa hayajafunguliwa. Wanafunzi wa Georgetown walikuwa safarini kwa kujizoeza na kufanya urafiki, na mchezo ule haukuhesabiwa popote. Ashindaye hakupanda daraja, wala ashindwaye hakushuka. Usiku uliotangulia Joe Biden, ambaye wakati ule alikuwa makamu wa rais wa Marekani, alikuwa amekwenda kuwatazama vijana hao wakicheza na timu nyingine ya China, na mambo yakaisha kwa amani.

Siku ya pili yake mambo hayakuwa hivyo. Mchezo ulikuwa wa vikumbo, na filimbi ililia bila kupumzika. Bayi walipewa mitupo ya adhabu 57, na Georgetown 15. Hata walipofikia 64 kwa 64, zikisalia dakika tisa na nusu hivi, ugomvi ukalipuka, watu wakapigana ngumi na mateke, na viti vikatumika kama silaha. Kocha wa Georgetown, John Thompson III, akawaondoa vijana wake, wala mchezo haukumalizika. Walipokuwa wakitoka, baadhi ya watazamaji wakawatupia chupa za maji, nyingine zikiwa zimejaa.

Hapa kwenye chupa ningependa tukae kidogo. Mchezaji aliyepiga ngumi aliweza kusema, “Nami nilipigwa.” Neno lile lisingemwondolea kosa, lakini lingekuwa neno la kweli. Mwenye chupa hakupigwa. Alikuja na chupa yake ili anywe. Hakuna aliyemkanyaga, wala aliyemnyang'anya mpira. Angetoka pale salama, akala chakula chake, akalala, na kesho asubuhi asingepungukiwa na kitu. Tena, kwa kuwa mchezo wenyewe haukuwa na tuzo, hawezi hata kusema kwamba alinyimwa ushindi. Twapata hapa hasira tupu, isiyo na nyama wala mfupa.

Msomaji mwenye busara atanijibu kwamba hasira ile ilikuwa na sababu: wale walikuwa wageni kutoka taifa kubwa, wakishindana na timu ya jeshi la nchi, na heshima ya nchi si kitu kidogo. Neno hilo nalipokea kwa uzito wake. Mtu asiyeona haya watu wake waaibishwapo, wala furaha wasifiwapo, simhesabu kuwa mtu bora kuliko wengine. Huenda moyo wake ni baridi tu. Lakini tuulize, heshima ile ilitunzwa namna gani? Habari zilipoenea, Wachina wengi walioandika maoni yao hawakuisifu Bayi. Waliilaumu timu yao wenyewe, wakisema imewaaibisha mbele ya wageni. Hao nao walikuwa watazamaji, tena wenye kuipenda nchi yao; ila walitazama kwa mbali, kila mmoja peke yake, bila bega la jirani la kuegemea. Basi kama wenye heshima ile wameikataa chupa, ilitupwa kwa ajili ya nani?

Nadhani ilitupwa kwa sababu ilikuwa rahisi kuitupa. Neno hili laonekana dogo, lakini tulipime. Mchezaji akikasirika hulipa. Mtazamaji huipata hasira bure. Hupata utamu wa vita bila majeraha yake, na utamu wa ushujaa bila kumkabili mtu yeyote. Naye hujua moyoni kwamba mkono wake mmoja umefichwa katika mikono elfu, hata akiulizwa, “Ni nani aliyetupa?” watu watajibu, “Ni watazamaji.” Lakini hakuna chupa iliyowahi kutupwa na watazamaji. Kila chupa hutupwa na mkono mmoja, wa mtu mmoja, mwenye jina alilopewa na wazazi wake.

Kwamba jambo hili si la taifa moja, latuonyesha tukio lililotangulia lile la Beijing kwa miaka saba, nalo lilitokea Marekani kwenyewe. Tarehe 19 Novemba 2004, katika ukumbi wa Auburn Hills karibu na Detroit, timu ya Indiana ilikuwa mbele kwa 97 dhidi ya 82, na zimebaki sekunde zisizotimia 46. Kwa hesabu ya mtu yeyote mwenye akili, mchezo ulikwisha. Ron Artest wa Indiana akamkumba Ben Wallace wa Detroit, Wallace akamsukuma kwa ghadhabu, wenzao wakaingia kati. Artest akajitenga, akalala chali juu ya meza ya waandishi wa pointi. Ugomvi ulikuwa ukipoa. Ndipo kikombe cha kinywaji kikaruka kutoka kwenye viti vya watazamaji, kikampata. Artest akainuka kama aliyechomwa moto, akapanda kwenye viti, akamkamata mtu. Lakini siye. Aliyekamatwa hakuwa ametupa kitu.

Mimi katika habari hii yote humfikiri zaidi mtu huyo. Mwenye kikombe alijificha ndani ya wengi, na malipo yalipokuja yakawajia wengi, yaani yakamwangukia yeyote aliyekuwa karibu. Ajifichaye nyuma ya jirani humfanya jirani kuwa ngao, wala hamwombi ruhusa. Baada ya hapo watazamaji waliteremka kiwanjani, wachezaji wakapiga watu, vinywaji na hata kiti vikarushwa. Wachezaji tisa walifungiwa jumla ya michezo 146, naye Artest peke yake michezo 86. Watu kumi wakashtakiwa kortini, watano wachezaji na watano watazamaji. Ligi ikaweka amri ya kuacha kuuza pombe katika robo ya mwisho ya mchezo, na kwa maoni yangu ilikuwa amri ya busara iliyochelewa.

Lakini aliyetupa kikombe alijulikanaje? Picha zilikuwapo, ila picha ni uso tu, haina jina. Aliyemtambua ni mwendesha mashtaka wa wilaya ile, ambaye zamani alikuwa jirani yake. Umati uliomficha na maelfu ya wageni haukuweza kumficha na jicho la jirani mmoja.

Ndiyo sababu mimi sikubaliani na wasemao kwamba dawa ni watu wakae kimya. Kiwanja kilicho kimya ni kama matanga. Hata maneno makali hayana budi kuwa dhambi. Sisi wenyewe twajua utani. Mtani wako hukutukana hata watu wakaangua kicheko, huchukua kitu chako bila kuomba, husema juu ya babu zako maneno ambayo mtu mwingine akiyasema atapelekwa barazani. Wala hakuna vita, kwa nini? Kwa sababu hukutukana uso kwa uso, jina lake walijua, nawe una haki ya kumrudishia. Na siku ya msiba wako ndiye afikaye mapema kufanya kazi. Matusi ya mtani yana mwenyewe. Matusi ya kiwanjani hayana mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hakuna akitunzaye kisipite kiasi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini upesi zaidi pale ambapo hakuna ajulikanaye kuwa ndiye aliyeanza.

Waweza kuniuliza, je, yule aliyepiga kelele tu, asitupe kitu, naye ana sehemu? Nadhani anayo, ijapokuwa si sawa na ya mwenzake. Mwenye chupa hakuwa shujaa. Asingeinua mkono kama asingesikia kelele za kumtia nguvu pande zote. Kila sauti iliyosema “Wapigeni!” ilimpunguzia haya kidogo. Tena aliyeketi ubavuni pake akamwona ameinua chupa, alikuwa na nafasi ambayo mwamuzi hakuwa nayo, wala polisi, ya kumshika mkono na kumwita kwa jina. Kwa mtazamaji, filimbi ni jirani yake.

Yaliyofuata kule Beijing yalikuwa mema kuliko mwanzo wake. Kabla Georgetown hawajaondoka kwenda Shanghai, watu wa Bayi waliwafuata kwenye uwanja wa ndege, wakaonana, wakapatana. Georgetown wakaendelea na safari yao katika China. Bayi yenyewe haipo tena katika ligi ya nchi ile. Ilijitoa mwaka 2020. Lakini asubuhi ile wachezaji waliweza kutafutana na kupeana mikono, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba mgongoni, na aliyempiga mwenzake alijulikana amempiga nani. Wenye chupa hawakufika kwenye uwanja wa ndege. Nani angewaita, na kwa majina gani?