Fedha Iliyo Mezani ni ya Nani?

Soma: Mithali 13:11, Yohana 19:23, 24, Waefeso 4:28, Wafilipi 2:4.
Fungu la kukariri: Waefeso 4:28.

Msimu wa korosho unapofika hapa Kibiti, fedha za mnada huingia na vijiwe huchangamka. Siku hizi kijana hahitaji kupanda basi kwenda kasino Dar es Salaam. Karata zimo ndani ya simu yake, na mmojawapo wa michezo hiyo ni poka. Akiulizwa, hujibu: "Mwalimu, hii si bahati, ni akili. Kosa liko wapi?" Swali hilo linastahili jibu la haki, na jibu la haki huanza kwa kuujua mchezo wenyewe.

Poka iliyoenea zaidi huchezwa kwa karata 52. Kila mchezaji hugawiwa karata mbili, naye huzificha. Kisha karata tano huwekwa wazi katikati ya meza kwa matumizi ya wote: kwanza tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Katika karata hizo saba, kila mmoja huchagua tano zilizo bora. Jozi hushindwa na karata tatu zenye namba moja, nazo hushindwa na tano za aina moja, tuseme zote kopa au zote shupaza.

Fedha huwekwa kwa zamu nne: kabla ya karata za mezani, baada ya zile tatu, baada ya ya nne, na baada ya ya tano. Mwenzako akiweka dau, unaweza kulipa sawa naye, kuongeza, au kuacha na kupoteza ulichokwisha kuweka. Wote wakiacha isipokuwa mmoja, huyo huchukua kila kitu bila kuonyesha karata. Ndiyo maana mwenye karata mbovu huongeza dau kwa uso mkavu, ili mwenye karata nzuri aogope na kuacha.

Basi kijana amesema kweli: akili imo. Ajuaye kuhesabu na kusoma nyuso, akicheza mara nyingi, humshinda asiyejua. Lakini tutazame ukweli huo unatufikisha wapi. Mkorosho huzaa; meza ya poka haizai kitu. Fedha iliyo juu yake imetoka katika mifuko ya walioizunguka, na mwenye kasino hukata sehemu yake kwanza. Cha mlevi huliwa na mgema. Kila shilingi ninayoshinda, mtu mwingine ameipoteza. Ikiwa nimeshinda kwa bahati, nimechuma nisipopanda. Ikiwa nimeshinda kwa akili, nimeitumia akili niliyopewa na Mungu kumtafuta aliye dhaifu kuliko mimi. Kusema "ni akili" hakuliondoi kosa, kunaliongezea uzito.

Soma Waefeso 4:28 na Wafilipi 2:4. Paulo anataka mikono yetu ifanye kazi kwa kusudi gani? Je, mchezaji anaweza kulitimiza kusudi hilo mezani?

Wachezaji wa poka hupenda kumtaja Chris Moneymaker, mhasibu Mmarekani aliyeshinda dola milioni 2.5 katika mashindano makubwa ya Las Vegas mwaka 2003. Aliingia kupitia mchezo wa intaneti uliogharimu chini ya dola 100. Lakini washiriki walikuwa 839. Jina la mmoja limeenea duniani. Wengi kabisa wa wale wengine walirudi nyumbani mikono mitupu, wala hakuna awasimuliaye.

Mwingine atasema kwamba serikali imeruhusu. Ni kweli, nchi yetu ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Sheria huweka mpaka wa chini. Upendo huuliza zaidi: ada ya mtoto wa yule aliyeshindwa italipwa na nani? Kanisa letu liliona jambo hilo lilipotoa tamko kuhusu kamari wakati wa kikao cha Konferensi Kuu mjini Toronto mwaka 2000.

Soma Yohana 19:23, 24. Askari walikuwa wakitafuta nini, na Yesu alikuwa akifanya nini wakati huohuo?

Pale Kalvari walikuwapo waliopiga kura ili wapate vazi la mtu mwingine, na juu yao alikuwapo Mmoja aliyekuwa akitoa vyote alivyo navyo kwa ajili yao. Kila mmoja wetu anakaa upande mmoja kati ya hizo mbili. Habari njema ni kwamba Yule aliye juu ya msalaba aliwaombea hata waliokuwa chini wakipiga kura.

Kwa hiyo, ikiwa ndugu katika darasa lako amenaswa, usimwaibishe mbele ya watu. Nenda kwake. Afute programu ile mbele yako. Mwombe achague mtu anayemwamini amshikie fedha za msimu, na ada ya watoto ilipwe kwanza. Kisha omba pamoja naye, leo na juma lijalo pia.

Maswali ya kujadili:
1. Kuna tofauti gani kati ya kupata faida sokoni na kushinda mezani?
2. Darasa letu litafanya nini msimu huu ili kijana apate kazi ya mikono badala ya kijiwe cha kamari?