Uonevu wa Mashuleni: Ni Nani Aliyeufunza?

Miaka michache iliyopita, katika darsa yetu ya baada ya Isha, mzee mmoja wa Msambweni alituletea shauri lililomkaa moyoni. Mwanawe, mgeni katika kidato cha kwanza cha shule moja ya bweni, alikuja nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula, na siku ya kurejea ilipofika akakataa kwenda. Hakusema sababu. Mamaye ndiye aliyeziona alama mgongoni. Alipobembelezwa sana ndipo kijana akaeleza kuwa wakubwa wa bweni humwamsha usiku awafulie nguo na kuwachotea maji, kwamba sukari na sabuni alizonunuliwa zilichukuliwa siku ya kwanza, na kwamba alipokwenda kushitaki, aliyewekwa kupokea mashitaka ni kiranja, na kiranja huyo ni mmoja wa waliompiga. Mzee akatuuliza: nimrudishe au nisimrudishe?

Kabla hatujamjibu, mwenzetu mwengine, mtu mwema mwenye heshima zake, akasema: "Mwambie avumilie. Nasi tulipigwa, na tukawa watu. Mwakani atakuwa yeye ndiye mkubwa." Watu wakacheka. Wala hatuwafichi wasomaji wetu kwamba na sisi tuandikao haya tulikuwa miongoni mwa waliocheka. Tulipokwisha kutawanyika ndipo tulipoona uzito wa neno lile, na aibu ya kicheko chetu.

Neno hilo lina madai mawili ndani yake, nayo yafaa yatenganishwe. Dai la kwanza ni kuwa kipigo ndicho kilichotufanya watu. Je, limejulikanaje? Msemaji huwatazama waliokaa naye barazani, wenye kazi zao na watoto wao, akawafanya ushahidi. Wale walioiacha shule kwa khofu, wakaishia kuzurura katika fukwe za Diani hali ya kuwa wenzao wako darasani, hawapo barazani kutoa ushahidi wao. Aliyevuka mto wenye mamba akafika salama si shahidi kuwa mamba hawali watu. Na hao waliofika, nani ajuaye wangalifika wapi lau hawakupigwa?

Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alilieleza jambo hili katika Muqaddima yake kwa uwazi ambao ungalitosha. Maana ya maneno yake ni kuwa mwanafunzi anayelelewa kwa ukali na kutezwa nguvu huvunjika moyo, akawa mvivu, akajifunza uwongo na hila ili ajiepushe na mkono wa mwenye kumtisha, na mwisho hila hiyo ikawa ndiyo tabia yake. Hakuishia hapo, bali alisema kuwa yampatayo mtoto mmoja huyapata hata mataifa mazima yaliyotawaliwa kwa mabavu. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka 600 iliyopita na mwanachuoni wetu sisi, na vitabu vyake tunavisifu. Lakini mtu akisema leo kuwa bakora haimfunzi mtoto, huambiwa kuwa ameiga Wazungu.

La ajabu ni kuwa utaratibu wa mkubwa kumtumikisha mdogo mashuleni una mizizi ya Kizungu. Katika shule za bweni za Uingereza wavulana wadogo walikuwa ni watumishi wa wakubwa, na katika shule ya Rugby, chini ya mwalimu mkuu Thomas Arnold (1828 hata 1842), wakubwa walikabidhiwa rasmi mamlaka ya kuwatawala wenzao. Nia yake huenda ilikuwa njema. Waingereza walipokuja kufungua shule za bweni katika makoloni yao walikuja na utaratibu wao wa viranja, ukaota mizizi, na leo wako wazee wetu wanaoutetea kama kwamba ni mila ya mababu zetu.

Sasa tulitazame dai la pili, nalo ndilo zito: "Mwakani atakuwa yeye ndiye mkubwa." Maana yake ni kuwa kijana huyu ana haki yake, na haki hiyo atalipwa. Lakini atalipwa na nani? Waliompiga watakuwa wamekwisha kumaliza shule. Atakayelipa ni mtoto mwengine kabisa, ambaye hivi sasa yuko kwao Lunga Lunga au Kinango, hamjui, hajamkosea, wala hajui kuwa ana deni. Katika sheria zetu, mwenye haki humdai aliyemdhulumu. Juma akikuibia mbuzi, hukuruhusiwa kwenda kumwibia Bakari. Na Bakari naye akijilipa kwa Hamisi, na Hamisi akajilipa kwa mwengine, mji mzima utakuwa umeibiwa, na hapana hata mmoja aliyerudishiwa mbuzi wake. Hivyo ndivyo yalivyo mabweni yetu. Mgeni, ambaye wanafunzi wa Kenya humwita "mono", hulipa deni la mtu asiyemjua, kisha hungoja mwaka upite naye apate wa kumlipa.

Na deni hilo mara nyengine halingoji mwakani. Mwezi wa Mei 1999, katika shule ya sekondari ya wavulana ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja chumbani mwao usiku wakiwa wamelala, wakamwaga petroli na kutia moto. Viranja 4 walikufa. Mwezi wa Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, bweni lilichomwa kwa makusudi na wavulana 67 wakateketea. Mwaka 2016 shule zaidi ya mia moja nchini zilipatwa na moto. Kila baada ya msiba watu huuliza ni shetani gani aliyewaingia watoto. Ni swali la kujiondolea lawama, kwani shetani huyo hawezi kuitwa barazani akahojiwa.

Ama sisi twaona kuwa mtoto huingia shuleni akiwa amekwisha kufunzwa. Nyumbani ameona kuwa mwenye nguvu hana haja ya kueleza: baba akiulizwa na mkewe jambo, jawabu ni sauti ya juu, na pengine ni mkono. Chuoni, na hapa yatupasa tujiseme wenyewe, ameona mwalimu akiwapa wanafunzi wakubwa bakora wawasimamie wadogo, na mzazi akimwambia mwalimu asimwonee mtoto huruma. Samaki mkunje angali mbichi, husema. Ni kweli, lakini mithali yasema mkunje, haikusema mvunje. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu utotoni, naye alieleza kuwa katika muda wote huo hakupata kuguniwa hata mara moja. Hadithi hii twaisoma kila Maulidi, kisha asubuhi twapeleka watoto chuoni pamoja na fimbo.

Wala si nyumba na chuo tu. Mwezi wa Agosti 1997, ulipokuwa mwaka wa uchaguzi, Likoni na sehemu za Kwale hii yetu ziliona watu wakiuawa, nyumba na vibanda vya biashara vikichomwa, na maelfu ya watu wa bara wakikimbia makwao. Watoto walikuwapo, wakaona. Waliona kuwa wakubwa wanapokuwa na malalamiko, ya ardhi au ya kazi, huyapeleka kwa jirani aliye dhaifu na kwa kiberiti, na kwamba ndipo serikali hugeuza shingo ikasikiliza. Mwanafunzi aliyeandika barua juu ya uji usiolika asijibiwe, na akaona shule ya jirani iliyochomwa ikitembelewa na wakubwa siku ya pili, hana haja ya mwalimu mwengine.

Serikali kwa upande wake imetunga sheria. Mwaka 2001 iliondolewa ruhusa ya viboko mashuleni, Katiba ya 2010 ikakataza adhabu ya kumpiga mtu, na sheria ya elimu ya 2013 ikaifanya kuwa ni kosa. Hayo ni mazuri. Lakini kwa tunayoyasikia kwa watoto wetu, kuna pahala ambapo fimbo haikutupwa, imehamishwa tu, kutoka mkono wa mwalimu aliyeogopa sheria hadi mkono wa kiranja asiyeijua. Na mabweni nayo, tangu ilipoamuliwa mwaka 2018 kuwa kila amalizaye shule ya msingi aingie sekondari, mengi yamejaa kupita kiasi. Wavulana wanaogombania ndoo, kitanda na nafasi ya kuanika taulo hawahitaji kufunzwa ugomvi.

Lakini sababu tunayoiogopa zaidi ni nyengine, nayo ni yetu khasa watu wa pwani: kunyamaza kwetu. Sisi ni watu wa sitara. Jambo likitokea nyumbani halitoki nje, na ni tabia njema, twaipenda wala hatuiachi. Ila sitara imewekwa kumfunika aliyeteleza akatubu, haikuwekwa kumfunika anayeendelea kudhulumu. Mtoto wa kiume akipigwa, tunamficha asionekane mnyonge. Akifanyiwa machafu, na hayo hutokea, tunanyamaza zaidi, kwa kuwa jina la ukoo ni aula kuliko mwili wa mtoto. Katika shule ya St. Kizito, Meru, mwezi wa Julai 1991, wavulana walilivamia bweni la wasichana usiku, na wasichana 19 wakafa. Kilichodhihirika baadaye ni kuwa wasichana kudhulumiwa hapo halikuwa jambo geni. Wakubwa walilijua. Msiba ulitangulia kwa hodi, na waliokuwa ndani hawakuitika.

Na yuko mzazi anayetaka kusema lakini hana ulimi. Mvuvi wa Msambweni au mkulima wa Kinango huingia ofisi ya mwalimu mkuu akiwa amevua kofia, akaandikiwa kwa lugha asiyoijua karatasi ya masharti, akatia sahihi, na fikira yake yote i katika karo aliyobakisha. Mwenye deni la karo hathubutu kuuliza kwa nini mwanawe ana makovu. Huyu hatumlaumu. Twawalaumu waliosoma miongoni mwetu, wanaoijua lugha na wanaoijua sheria, wasiofuatana naye ofisini.

Huenda mtu akasema: basi kiranja yule na afukuzwe, yakwishe. Pengine yapasa. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoamrisha tumnusuru ndugu yetu akiwa ni dhalimu au ni mwenye kudhulumiwa, Masahaba waliuliza vipi atanusuriwa dhalimu, wakafahamishwa kuwa kumzuilia dhulma yake ndiko kumnusuru. Kiranja naye ni mtoto wa mtu. Miaka miwili nyuma alikuwa yeye ndiye aliyeamshwa usiku. Hatusemi haya ili kumwondolea makosa, kwani aliyeonja uchungu ana udhuru mdogo kuliko asiyeujua. Twasema kwamba ukimfukuza huyu ukakiacha cheo chake na ruhusa yake ya kuumiza watu, umebadilisha mtu tu.

Yule mzee tulimjibu hivi: asimrudishe peke yake. Watu watatu wa darsa walifuatana naye, mmoja wao akiwa ni yule yule aliyesema "nasi tulipigwa." Tulikuwa tumekubaliana maswali ya kuuliza, nayo twayaandika hapa kwa kila mzazi mwenye mtoto bweni. Ni nani aliyeruhusiwa kutoa adhabu, na kiranja ni miongoni mwao? Mtoto mgeni akiumizwa saa nane za usiku, amwendee mtu mzima gani, naye hulala wapi? Na ufunguo wa bweni hukaa kwa nani? Swali hili la mwisho watu wa Kwale hatuna udhuru wa kulisahau. Mwezi wa Machi 1998, katika shule ya wasichana ya Bombolulu, upande wa Mazeras, bweni lilishika moto usiku, na kufuli na nondo za madirisha zikawazuilia watoto njia ya kutokea. Mabinti wasiopungua 25 hawakurudi makwao.

Mwalimu mkuu aliyajibu maswali mawili ya mwanzo kwa haraka. La ufunguo alilazimika kutoka nje kwenda kuuliza.