Je, Chembe ya Hamira Yaweza Kudanganywa?

Mama atiaye hamira katika unga wa maandazi jioni hafikiri kwamba ameweka bakulini jambo la kumtatiza mwanafalsafa. Ajua kuwa unga utaumuka, na hilo lamtosha. Lakini wataalamu wa elimu ya viumbe wameitazama hamira kwa miaka mingi, na waliyoyaona yanazusha swali ambalo napenda, msomaji, tulitazame pamoja.

Hamira ni chembe hai. Kadiri ya chembe 200 zaweza kupangwa mstari katika urefu wa milimita 1. Aghalabu kila chembe huongezeka kwa kuchipuka, bila ya kuhitaji mwenzi. Lakini ikipatwa na njaa, chembe yenye urithi wa jinsi mbili hufanya ndani yake mbegu nne: mbili za jinsi iitwayo a, na mbili za jinsi iitwayo alfa. Mbegu hizo zikisha kumea, jinsi hizo mbili hutafutana. Hazina miguu wala macho wala sauti. Kila jinsi humwaga dutu yake katika maji yaliyoizunguka: ile ya alfa ni mnyororo mfupi wa asidi amino 13, na ile ya a ni wa asidi amino 12. Chembe ya a ikiipata dutu ya alfa huacha kuchipuka, kisha hutoa shingo kama ya kibuyu kuelekea upande ambako ishara ni nyingi. Zikigusana huungana, na mbili huwa moja.

Mwaka 1990 wataalamu Jackson na Hartwell walionyesha kwamba chembe iliyozungukwa na wenzi wengi huungana zaidi na yule atoaye ishara yenye nguvu kuliko wengine. Walisema kwamba chembe huchagua, na jambo lote wakaliita uchumba. Neno hilo ni tamu, na utamu wake ndio unaonitia shaka, kwa sababu achaguaye aweza pia kukataa. Lakini tuliache, liko zito zaidi.

Mtaalamu atakaye chembe zake zote zisimame katika hatua moja ya maisha huchukua dutu ya alfa iliyotengenezwa na watu, akaimimina katika chupa yenye chembe za a tupu. Zote huacha kuchipuka. Zote hutoa shingo, zikimngoja mwenzi asiyekuwamo chupani.

Je, amezidanganya? Mwalimu mmoja rafiki yangu asema hapana: uongo wataka mtu wa kuusadiki, na chembe haisadiki lolote. Nakubali nusu ya maneno yake. Mvuvi atiaye chambo hatumwiti mwongo, ingawa samaki angekuwa na sababu ya kumwita hivyo. Hata hivyo, chembe imepoteza kitu. Imeacha kazi yake kwa ajili ya ahadi, na ahadi haikuwa na mwenyewe.

Jirani yangu alikuwa na mtoto wa miezi mitatu, na mumewe alifanya kazi mbali. Kila jioni mtoto alipolia alimwambia, “Nyamaza, baba yuaja.” Mtoto hakujua maana ya neno hata moja, sauti ndiyo iliyomtuliza. Kwa hoja ya rafiki yangu, hapo hapana uongo, nami sikuona ubaya. Lakini masikio ya mtoto hukua bila ya kupiga hodi. Iko siku ambayo maneno yale yale, kwa sauti ile ile, yaligeuka kuwa uongo, na mama hakuijua siku hiyo.

Chembe ya a ina dawa yake. Hutoa kimeng’enya kinachoikata dutu ya alfa vipande vipande, na ishara isipoongezwa, baada ya muda hurudia kuchipuka. Mtoto wa jirani yangu nilimwona tena alipokuwa na miaka miwili. Ilikuwa jioni, naye alisimama mlangoni akitazama njia.